TAARIFA ZA MTU NI AMANA: MAELEZO KUHUSU UKUSANYAJI WA TAARIFA BINAFSI KWA NJIA ZA KIDIJITALI

Milima ya Matogoro iko pembezoni mwa mji wa Songea, Mkoa wa Ruvuma, na ndiko unakoanzia Mto Ruvuma, ambao hushuka hadi Bahari ya Hindi ukiwa mpaka baina ya Tanzania na Msumbiji. Chini ya milima hiyo ipo kata yenye jina hilo hilo, yenye chuo cha ualimu na wakaazi wanaoishi kwa kazi za mji na kwa jembe. Mkaazi wa huko na mkaazi wa Mkokotoni, Unguja, huenda wasionane maisha yao yote. Hata hivyo, baina ya tarehe 1 Mei 2019 na tarehe 20 Januari 2020, wote wawili walitakiwa jambo moja: kwenda kwa wakala wa simu, kutaja namba ya Kitambulisho cha Taifa na kuweka kidole juu ya kioo cha mashine ndogo, ama sivyo laini zao zifungwe. Muda wa mwanzo ulikuwa umalizike tarehe 31 Disemba 2019, nao ukaongezwa siku 20 kwa agizo la Rais wa wakati huo, Marehemu Dkt. John Pombe Magufuli.

Maelezo haya yanaanzia Matogoro kwa makusudi. Suala la taarifa binafsi hudhaniwa kuwa ni la miji mikubwa na la wenye kompyuta mezani. Sivyo. Mashine ile ilifika kusini mwa nchi kama ilivyofika visiwani, na kilichochukuliwa katika kidole cha mkulima wa mahindi ni kile kile kilichochukuliwa katika kidole cha mvuvi. Kwa hiyo, suali la nani anazo taarifa hizo na anazifanyia nini linawahusu wote kwa sawa.

Katika zoezi lile, malalamiko yaliyosikika zaidi yalikuwa ya foleni ndefu na ya kuchelewa kwa vitambulisho. Waliouliza alama ya kidole itawekwa wapi, na nani ataweza kuiona, walikuwa wachache. Wapo waliochukua hali hiyo kuwa ni ushahidi kwamba wananchi wetu hawajali mambo yao binafsi, na kwamba faragha ni jambo la kuigwa kutoka nchi za nje. Hukumu hiyo ni ya haraka. Aliyeitoa hajapata kumuuliza mzee wa Kiswahili idadi ya fedha alizonazo ndani, au kumuuliza mkulima wa Songea amevuna magunia mangapi mbele ya watu asiowajua.

Ada ya hodi inatosha kulieleza jambo hili. Mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa hurejea alikotoka bila ya kinyongo. Ada hiyo haiko pwani peke yake, kwani Matogoro nako mtu husimama nje ya ua mpaka asikie neno "karibu". Tena, huyo aliyekaribishwa hakai popote apendapo. Aliyekaribishwa barazani hukaa barazani, na lau atainuka na kuingia chumbani hatoweza kujitetea kwa kusema kwamba alikaribishwa. Ruhusa aliyopewa ilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulijulikana na pande zote mbili ingawa haukuandikwa popote.

Ndivyo wananchi wengi wanavyoutazama ukusanyaji wa taarifa zao. Hawakatai kutoa. Wanachokichukia ni kuona kitu walichokitoa kwa jambo moja kikitumika kwa jambo jengine ambalo hawakuulizwa.

Mifano ya kutoa kwa hiari ipo mingi. Katika msimu wa kilimo wa 2022/2023 Serikali ilileta ruzuku ya mbolea kwa wakulima wa Tanzania Bara, na usajili wake ukafanywa kwa mfumo wa kidijitali. Mkulima alitaja jina lake, namba ya simu, ukubwa wa shamba na zao analolilima, akapewa namba ya kununulia mbolea kwa bei ya ruzuku. Katika mkoa kama Ruvuma, ambao mahindi ndiyo uhai wake, jambo hili lilieleweka upesi, kwa sababu aliyeuliza alijulikana, sababu ya kuuliza ilijulikana, na faida ilionekana kwa macho. Huku visiwani, wazee waliotimiza umri wa miaka 70 walijiandikisha katika mpango wa Pensheni Jamii ulioanza mwaka 2016, na wakataja umri wao na makaazi yao kwa masheha bila ya tabu. Hali kadhalika sensa ya tarehe 23 Agosti 2022: karani alikuja na kishikwambi, akauliza mambo ya ndani kabisa ya nyumba, na watu wakajibu, kwa kuwa walikwishaelezwa kwamba majibu yale ni ya hesabu za Taifa na si ya kodi wala ya polisi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mwananchi wa kawaida amezoea kujulikana. Sheha anamjua kila mtu katika shehia yake, na mwenyekiti wa mtaa wa Matogoro anajua nani amehamia na nani amehama. Lakini sheha ana sura, na ana nyumba ambayo njia yake inajulikana. Akitoa siri ya mtu hukutana na mtu huyo harusini au msibani, na hilo humtia haya. Pia husahau. Mashine haisahau, haina haya, na mwenye kuiendesha anaweza kuwa katika nchi ambayo mwananchi hata jina lake hajapata kulisikia.

MIKOPO YA SIMU NA ORODHA YA MAJINA

Jambo lililowafumbua macho watu wengi kuliko jengine lolote ni mikopo ya mitandaoni. Namna inavyofanya kazi inahitaji kuelezwa kwa kituo, maana wengi waliodhurika hawakujua walichokikubali.

Mwanachuo wa ualimu, au mtumishi wa Serikali ambaye mwezi umekuwa mrefu kuliko mshahara, anahitaji shilingi 50,000. Anapakua programu ya mkopo katika simu yake. Kabla ya kuonesha chochote, programu inaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina na namba zilizomo katika simu, kusoma ujumbe mfupi, kujua mahali simu ilipo na kufungua picha. Kila ombi lina kitufe cha kukubali. Asipokubali, mkopo hauendelei. Anabonyeza vyote kwa dakika moja, na fedha zinaingia.

Kusoma ujumbe mfupi kuna makusudio yake. Miamala yote ya fedha kwa simu huacha ujumbe, hivyo programu huweza kukisia kipato cha mtu, madeni yake mengine, na hata siku anayopokea fedha. Orodha ya majina ina kazi ya pili. Mkopaji akichelewa kulipa, ujumbe hupelekwa kwa watu waliomo katika simu yake: kwa baba mkwe, kwa mwalimu mkuu, kwa jirani, kwa mtu aliyewahi kumuuzia samaki mara moja tu. Ujumbe huo humtaja kwa jina na kusema kwamba anakimbia deni. Kuna waliolipa si kwa sababu walipata fedha bali kwa kuogopa aibu, na kuna waliokopa kwa mwengine ili wamlipe wa kwanza. Mikopo ya namna hii mitaani imepewa jina la "kausha damu", na jina hilo halihitaji kufasiriwa.

Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa watoa mikopo ya kidijitali mwezi wa Agosti 2024, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo ikatangaza hadharani programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Lakini programu moja ikifungwa, nyengine huweza kuzuka kwa jina jengine, na kinga ya kwanza imebaki kuwa ni kidole cha mwenye simu kabla ya kubonyeza kitufe.

Kuna nukta moja ambayo hupitwa bila ya kuangaliwa. Mkopaji anapokubali orodha yake ya majina isomwe, anadhani anatoa kilicho chake. Namba zile si zake. Mtu mwenye majina 300 katika simu amewakabidhi watu 300 kwa mkopeshaji asiyemjua, na hata mmoja wao hakuulizwa. Namba ya simu ambayo ndugu au rafiki amempa mtu ni amana, na aliyepewa amana hana ruhusa ya kuiweka rehani kwa deni lake mwenyewe. Pengine watu wangelitazama hivyo, vitufe vingi visingebonyezwa.

ALAMA YA KIDOLE NA MBONI YA JICHO

Neno la siri likijulikana na mwizi hubadilishwa. Kidole hakibadilishwi. Hii ndiyo tofauti kubwa baina ya alama za mwili na taarifa nyengine zote, na ndiyo sababu alama hizo zinahitaji hadhari zaidi.

Nchi jirani ya Kenya ilipata funzo mwaka 2023. Mradi wa kigeni uitwao Worldcoin uliweka mashine zake jijini Nairobi, na vijana wengi wakapanga foleni katika jumba la mikutano la KICC wachukuliwe picha ya mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu ya kidijitali yenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huo Serikali ya Kenya iliisimamisha shughuli hiyo, na mwezi wa Mei 2025 Mahkama Kuu ya nchi hiyo ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe. Vijana wale hawakuwa wajinga. Walihitaji fedha siku ile, na hasara yake haikuonekana siku ile. Ridhaa iliyotolewa na mwenye njaa mbele ya fedha taslimu ni ridhaa yenye walakini, na wanasheria wa nchi nyingi wamelikubali hilo.

Kwetu, hila iliyozoeleka ni ndogo zaidi lakini madhara yake si madogo. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja: "Weka tena kidole, mashine haijasoma." Mteja huweka mara ya pili na ya tatu. Huenda kweli mashine haikusoma, kwani vidole vilivyolika kwa jembe, kwa mwani na kwa kuvunja kokoto huisumbua sana mashine, na jambo hilo linawakuta wakulima wa Matogoro kama linavyowakuta akinamama wa Paje. Lakini huenda pia kila kidole kilichowekwa kimesajili laini nyengine kwa jina la mteja huyo huyo, na laini hiyo baadaye ikatumika kutuma ule ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Polisi wakifuatilia, jina wanalolikuta ni la mkulima.

Dawa yake iko karibu. Mwenye laini anaweza kupiga *106# katika simu yake na kuona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona namba asiyoitambua, aende katika duka la kampuni husika na kitambulisho chake aiondoe. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, hupelekwa kwa namba 15040. Huduma hizi zinatumika sawasawa Bara na Visiwani.

SHERIA INASEMAJE

Bunge la Jamhuri ya Muungano lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kwa mujibu wa Sheria hiyo, kila anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa asajiliwe na Tume, na anatakiwa amjuilishe mwenye taarifa, kabla ya kuzichukua, ni kwa madhumuni gani anazichukua. Zikishachukuliwa kwa madhumuni hayo, zisitumike kwa mengine isipokuwa kwa ridhaa ya mwenyewe au kwa sababu zilizotajwa na Sheria. Msomaji atatambua kwamba huo ni ule mpaka wa baraza na chumba, ila safari hii umeandikwa.

Mwenye taarifa amepewa haki ya kuuliza ni taarifa gani zake zimehifadhiwa, kutaka zisahihishwe zilipokosewa, kutaka zifutwe, na kukataa zisitumike katika matangazo ya biashara. Hii ya mwisho ijulikane zaidi, kwani ujumbe wa michezo ya kubahatisha na wa mikopo unaomiminika katika simu za watu wasioupenda ni jambo ambalo Sheria imewapa uwezo wa kulikataa. Alama za mwili, taarifa za afya, za watoto na za miamala ya fedha zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti, na masharti yake ni magumu zaidi. Anayetoa taarifa za mtu kinyume na Sheria anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ikiwa ni kampuni, faini huanzia shilingi milioni moja na yaweza kufika bilioni 5.

Kwa upande wa Zanzibar, ni vyema ikaeleweka wazi kwamba Sheria hiyo inatumika katika pande zote mbili za Muungano, isipokuwa kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Posta na simu ni mambo ya Muungano. Kadhalika benki kuu. Kwa hiyo laini ya simu ya mkaazi wa Wete inalindwa kama inavyolindwa laini ya mkaazi wa Matogoro. Faili lake la hospitali ya Serikali ya Mapinduzi, au la skuli ya mwanawe, ni suali jengine. Hata hivyo asije mtumishi akafahamu kwamba mafaili hayo hayana mwenyewe. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 15, inamhifadhi kila mtu kwa nafsi yake, nyumba yake na mawasiliano yake ya faragha, kama ilivyo Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Na amana haikungoja sheria.

MEZA YA AFISI

Yaliyotangulia yameelekezwa kwa makampuni na kwa matapeli, na watumishi wa umma huenda wameyasoma kwa utulivu. Lakini sehemu kubwa ya taarifa za wananchi haikukusanywa na kampuni za kigeni. Imekusanywa katika afisi zetu, na inatoka kupitia meza zetu.

Tuchukue daftari la wageni lililo mlangoni. Mgeni huandika jina, namba ya simu, anakotoka na shida iliyomleta. Anayekuja nyuma yake husoma yote hayo wakati akitafuta mstari wake. Mwanamke aliyeandika kwamba amekuja kwa shauri la talaka ameliandikia kundi zima. Hakuna aliyekusudia ubaya. Daftari ni hilo hilo tangu miaka mingi iliyopita. Lakini miaka hiyo mtu hakuwa na simu ya kulipiga picha.

Ama nakala za vitambulisho, jambo hili ni la kuona haya. Mwananchi hutakiwa nakala katika kila dirisha, na kazi ikimalizika nakala hizo hulundikwa pembeni, kisha hutoka na taka. Karatasi za afisi zimeonekana mara nyingi zikifungiwa karanga na bisi, Bara na Visiwani, na katika karatasi hizo mna majina, tarehe za kuzaliwa na saini. Mtapeli hahitaji utaalamu wa kompyuta hapo. Anahitaji kununua karanga za shilingi 200. Nakala ambayo muda wake umekwisha ichanwe au ichomwe, na afisi ambayo imekwishaunganishwa na mfumo wa kuhakiki vitambulisho ijiulize kwa nini bado inadai karatasi.

Kuna pia makundi ya simu ambayo idara nyingi zimeyaunda kwa ajili ya kurahisisha kazi. Yamerahisisha kweli. Lakini ndani yake hupelekwa orodha za watumishi zenye namba za akaunti za benki, vyeti vya wagonjwa vya kuombea ruhusa, na majina ya wanafunzi waliopata mimba. Aliyeondoka kazini miaka miwili nyuma bado yumo kundini na anasoma. Kiongozi wa kila kundi anatakiwa apitie majina ya waliomo na kuwaondoa wasiohusika, na taarifa za mtu mmoja zipelekwe kwa anayehusika peke yake.

Mwananchi anapoulizwa dirishani namba ya simu ya mkewe, au dini yake, au anapougua nini, anayo haki ya kuuliza kwa adabu zinahitajiwa kwa ajili gani. Mtumishi asilichukulie suali hilo kuwa ni ujeuri. Alijibu kwa maneno mafupi, na ikiwa yeye mwenyewe hajui jibu, basi amuulize mkuu wake, kwani inawezekana fomu hiyo ilirithiwa kutoka fomu nyengine na hakuna anayekumbuka kwa nini nafasi hiyo iliwekwa.

Malalamiko dhidi ya kampuni ya simu, benki au mtoa mikopo yanaanzia kwa mhusika mwenyewe, kwa maandishi, na mlalamikaji abaki na nakala yake. Asiporidhika, hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Sheria inaitaka ikamilishe uchunguzi ndani ya siku 90, muda ambao unaweza kuongezwa. Mlalamikaji aeleze jina la kampuni au programu, tarehe, na kilichotokea, na aambatanishe picha ya ujumbe alioupokea yeye au waliotumiwa kwa ajili yake. Ujumbe huo usifutwe kwa hasira.